Jino

Kazini niliaga kwamba naenda kung'olewa jino.
Chibago akacheka: mwambie asikosee akang'oa la jirani.
Nami nikacheka naye, kiganja shavuni,
nikiigiza maumivu mahali yasipokuwepo.

Makole, nyuma ya duka la dawa, ghorofa ya kwanza.
Ngazi kumi na nne. Nazijua kwa kuwa nilizipanda mara mbili.
Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikashuka,
nikanunua maji, nikasimama juani kama mtu anayemngoja mtu,
nikiangalia nani atanitambua.
Katika mji huu kila jambo la kichwa lina jina moja, Mirembe,
na watoto hurushiana jina hilo kama jiwe.
Nami nilikuwa mtoto hapa. Nilirusha.

Dada Perusi hana koti jeupe. Nilitarajia koti.
Ana daftari ambalo hakulifungua,
na feni inayozunguka bila kupoza kitu.
"Unalala?" akauliza.

Miaka kumi na moja nimepima viwanja,
Nala, Ihumwa, Mtumba, hadi Msalato;
naweza kukuonyesha mpaka wako hata vichaka vikiufuta.
Swali la neno moja
likaninyima pa kusimika chombo changu.

Mama alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua,
lakini alimaanisha homa, alimaanisha kuhara.
Kwa haya mengine alisema: jikaze, we mwanaume.
Nimejikaza hadi taya zinalia usiku.
Mke wangu anasema natafuna mawe usingizini.
Kumbe la jino si uongo mtupu.

Dakika ishirini nilizungumzia mvua,
jinsi ilivyochelewa, jinsi uwele ulivyoungua ukiwa wa magotini.
Hakunikatiza.
Kisha, sijui lilitokea wapi, nikasema: rangi.

Rangi nyekundu.
Barabara mpya ilipita katikati ya nyumba ya shangazi Nhonya
na karatasi ya kazi ilikuwa na jina langu.
Ningeweza kumtuma kijana. Sikumtuma.
Niliona ni heshima nikachore mwenyewe,
mapigo mawili ya brashi, X,
kando ya dirisha ambapo alinifundisha kuhesabu kwa punje za mtama.
Nilipomaliza akatoka na maji ya kunawa.
Akaniwekea ugali na mlenda,
akakaa akinitazama nikila,
rangi ingali mbichi kwenye kucha.
Alisema tu: kula, baba, umekonda.

Alilipwa. Akahamia kwa binti yake, Kibaigwa.
Ana afya. Hupiga simu kila Jumapili, huuliza watoto.
Hakuna aliyekufa, nikamwambia Perusi,
kama mtu anayeomba radhi
kwa kuleta mchubuko kwenye foleni ya waliovunjika miguu.
"Nani kasema lazima afe mtu?"

Sikulia. Nilidhani hapo ndipo watu hulia;
hata karatasi laini zilikuwa mezani, zimesogezwa upande wangu.
Nilihisi tu taya limelegea, upande mmoja,
kama bawaba iliyotiwa mafuta.

Hakunipa kidonge wala aya,
wala hakuniagiza niende kupiga magoti Kibaigwa.
Alisema muda umekwisha,
na kwamba Alhamisi saa kumi ana nafasi.

Chini, mama mmoja alikuwa akizinyunyizia maji zabibu zake
zisishikwe na vumbi; vumbi likazishika.
Nikanunua nusu kilo, nikala nikitembea,
nikitema mbegu barabarani kama mtoto asiye na adabu.

Usiku niliamka saa tisa, kama kawaida.
Saa kumi nikalala tena. Hiyo si kawaida.

Asubuhi Chibago: vipi jino?
Bado lipo, nikamjibu. Mizizi imeenda mbali.
Alhamisi narudi.